Mama Aliyeomba Mto Ufunguliwe

Juzi, nikitoka misa ya asubuhi Lubaga, nilipashwa habari kwamba yule mama Mkongo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa sokoni Nakawa amefariki hospitalini Nsambya, wajukuu wakiwa kando yake. Namshukuru Mungu kwa maisha yake marefu. Ninyi wasomaji wa umri wangu mtamkumbuka, maana Ijumaa nyingi za Kwaresima mlikula kambare wake, pengine bila kujua ilibaki kidogo tu wasifike tena sahanini mwenu.

Katika zama za utawala wa kijeshi, sukari na sabuni zilipokuwa adimu, mama huyo, mkimbizi na mjane, alilisha watoto wake kwa mto mdogo unaoteremka bondeni kuelekea ziwani. Masika yakianza, kambare walitoka ziwani, wakaupanda mto uliofurika na kutaga mayai kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Ndipo ofisa mmoja wa jeshi akaziba mto kwa magunia ya udongo apate kumwagilia mpunga wake. Mvua zilipokuja, kambare walifika kwenye ukuta ule wakarundikana. Mtaa mzima tukashuka na beseni. "Mungu ametukumbuka!" watu walisema, na Jumapili tukatoa shukrani kanisani. Mama alikausha samaki mpaka kuni zikamwishia. Samaki wengi walikuwa na matumbo yaliyojaa mayai, na hilo nalo tuliliona neema.

Masika yaliyofuata samaki walikuwa wachache. Yaliyokuja baadaye, beseni zilirudi tupu, na upande wa ziwani wa ukuta mto ulikuwa matope matupu. Mama alinijia nyumbani, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa dini. "Katekista," alisema, "ile siku tulishukuru kwa mlango uliofungwa. Twende tuombe ufunguliwe." Nikamwambia tumwombe Mungu kwanza. "Mungu amesikia zamani. Amebaki afande."

Siku zile mtu hakwenda kwa mwanajeshi kwa hiari yake, maana wapo walioitwa kuulizwa jambo dogo na hawakuonekana tena. Tulimkuta ofisa shambani, akiwasimamia askari wake. Nilisimama nyuma ya mama kidogo, rozari mfukoni.

"Wewe mama, unataka nini hapa?"

"Natafuta samaki, afande."

"Mimi navua samaki? Enda sokoni!"

"Sokoni ndiko natoka. Hakuna. Wanakuja mpaka mlangoni kwako, wewe umefunga."

Askari waliacha majembe. Ofisa alimkazia macho, nami nikaanza Salamu Maria moyoni. Mama akaendelea: "Afande, kwenu kaskazini mto uko?"

"Uko. Mkubwa kuliko hii."

"Mvua ikikuja, samaki wanafanya nini?"

"Wanapanda mpaka kwa majani. Tulikuwa tunashika na mikono." Alisema hivyo na uso wake ukalegea.

"Na mzee wako alifunga mto?"

Ofisa alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu mama anataka kunishtaki kwa baba yangu! Haya, toeni magunia ya katikati. Mvua ikiisha mtarudisha. Na wewe mama, usizoee!"

Maji yalipita, lakini samaki hawakurudi mara moja. Misimu kadhaa mama aliuza mihogo ya kuchoma, akingoja mayai yawe samaki na samaki wakue. Kambare walipoanza kupanda tena, aliwakataza vijana waliombebea samaki kuwagusa. "Hawa wanaenda kuzaa. Tutawakuta wakishuka." Wengine walimcheka, ila naye alipowapata wakishuka, hao hao ndio waliopanga foleni kwenye meza yake.

Nimemwaza sana wiki hii. Wingi tulioushangilia ulikuwa samaki waliozuiwa njiani, na shukrani yetu, ingawa ilitoka moyoni, ilikomea kwenye beseni. Yeye alikosea pamoja nasi, kisha akawa wa kwanza kwenda kuuliza, akiweka rehani uhai wake. Tangu hapo nimejifunza kumshukuru Mungu kwa zawadi yake pamoja na njia iliyopitia, na njia hiyo kuilinda. Siku hizi bonde lile limejaa kuta na mifereji ya saruji. Ijumaa hii nitanunua kambare, nitamwombea mama pumziko la milele, kisha nitamuuliza muuzaji kama mto walikotoka bado uko wazi.