Kete Niliyoitia Mfukoni

Likizo ya Agosti binamu yangu alirudi Ndhiwa kutoka chuo na ubao wa bakgamoni kwapani, na Kiswahili cha mtangazaji mdomoni. Alituambia mchezo huo si wa kila mtu, unataka akili. Kisha akanigeukia. "Bubu, keti hapa nikufunze."

Bubu ndilo jina alilonipa nikiwa darasa la nne, kwa sababu sikumjibu mgeni salamu kwa sauti ya kusikika. Siwezi kusema amelitumia kwa ubaya. Amelitumia tu kila mahali: sokoni, kanisani, hata mbele ya wavulana wa Homa Bay. Kwa hivyo nilimwambia, macho yakiwa miguuni, kwamba nitacheza, lakini nikimfunga hata mara moja, Jumapili wageni wakija atanitambulisha kwa jina langu. Alicheka hadi akakohoa. Akakubali.

Unatupa dadu mbili, unasogeza kete zako kulingana na namba, unazileta zote upande wako wa nyumbani, ndipo unazitoa ubaoni. Anayezimaliza kwanza ameshinda. Kete mbili pamoja ni ukuta. Iliyo peke yake inaweza kugongwa, yaani mpinzani akitua juu yake. Sheria hizi sikupewa kwa mpigo. Alizitoa moja moja, kila nilipokaribia kufanya jambo la maana, kama muuza omena wa Sindo: dagaa nzuri juu, mchanga chini.

Mimi nimelelewa na ajua, mchezo wa mashimo na mbegu ambao dani, bibi yetu, alitufunza. Kwenye ajua ukila, umekula. Basi nilipogonga kete yake ya kwanza, niliitia mfukoni mwa sketi. Akaitafuta chini ya kochi, mwanachuo mzima, matako juu. Nilipoitoa, jirani alikuja kuuliza kicheko ni cha nini. Wiki nzima ikawa ni hiyo: Bubu amekula kete.

Kumbe kete iliyogongwa hukaa katikati ya ubao, na mwenyewe hasogezi nyingine yoyote mpaka iingie tena kupitia nyumbani kwa mpinzani. Sheria hiyo niliipenda.

Jumamosi dani alikuwa anachambua mboga kando yetu. Niligonga kete moja ya binamu, halafu polepole nikajaza nafasi zote sita za nyumbani kwangu, mbili mbili. Akatupa dadu. Hakuna mlango. Akatupa tena bila zamu. Akasema meza imeinama. Dani akamuuliza kwa Kijaluo kama amekwama; akamjibu kwa Kiingereza.

"Huna pa kuingilia," nikamwambia. "Ngoja."

Akangoja. Nikamfunga.

Jumapili wageni wa kanisa walijaa sebuleni. Binamu akasimama, akaninyooshea mkono. "Na huyu ni..." Akataja jina la mdogo wangu. Akajirekebisha, akataja la shangazi. Wote wakanigeukia nimsaidie. Lakini mimi, kama anavyojua, si msemaji.