Chai ya mama mkwe ilivyoshindana na vidonge vya damu

Wakuu, natumai mmeshinda salama. Ninayoandika yalitokea kwangu hapa Kitengela, kwenye meza ambayo bado ninakulia. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Niko na agrovet mjini. Nauza chakula cha kuku, chumvi ya ng'ombe na dawa za minyoo. Sikusomea udaktari wa mtu wala wa mnyama, lakini kila gunia ninalouza nimesoma maandishi yake mpaka chini, na neno nisilolijua nalitafuta. Hivyo ndivyo mambo ya madini yalinishika.

Mke wangu, Wangari, alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Kliniki wakapima damu, wakakuta iko chini. Nesi akampa vidonge vya madini ya chuma na akamwambia wazi: damu isipopanda, hapa hutajifungulia, tutakuandikia uende hospitali kubwa Kajiado.

Wangari hakutaka kusikia habari ya Kajiado. Nesi huyo ndiye aliyewapokea watoto wetu wawili wa kwanza, Njeri na mdogo wake. Kwake ilikuwa kama kuambiwa ahame kanisa.

Basi mama yake akaja kutoka Nyeri kumtunza. Akaja na majani yake mwenyewe ya chai, kwa sababu haamini majani ya maduka ya huku.

Kwa sisi watu wa kutoka mlimani, chai ni heshima. Mgeni hajaketi, thermos iko mezani. Ukikataa kikombe, watu wanauliza una kinyongo gani.

Sasa, vidonge vile vinasumbua tumbo. Wangari akimeza na maji, anasikia kutapika. Mama akaamua: meza na chai. Nzito, ya maziwa, ikiwa moto. Kidonge kikateremka bila shida. Na tukila ndengu au mboga ya managu, juu yake chai tena. Sote tulifurahi. Mimi nilikuwa naongezewa kikombe.

Tukarudi kliniki. Damu haijasonga.

"Mama, vidonge unameza kweli?" nesi akamuuliza Wangari, naye karibu alie. Mama mkwe akakunja uso kama ameshtakiwa yeye. Tulipofika nyumbani, akaongeza majani kwenye sufuria.

Hapo ndipo nikaketi kusoma.

Nilichopata ni kwamba kula madini ni jambo moja, na mwili kuyachukua ni jambo lingine. Nilipaswa kujua. Kila wiki mkulima ananijia kutoka upande wa Isinya akilalamika kwamba amewamwagia kuku chokaa na mayai bado yana ganda laini. Chokaa ipo, lakini mengine ya kuisaidia kuingia mwilini hayapo.

Majani ya chai yana kitu kinachoshikana na chuma, hasa chuma cha vidonge na cha mboga. Cha nyama hakisumbuliwi sana. Maziwa nayo yana calcium, madini yaleyale ya chokaa, ambayo pia huzuia kiasi. Ndimu na chungwa husaidia kiingie.

Lakini wakuu, kati yenu nani anaweza kumwambia mama mkwe kwamba chai yake ndiyo shida?

Nilijaribu wakati wa chakula cha jioni, kwa mbali.

"Mama, unajua hata kuku wa mayai ukimpa madini bila mpango, hayamfai."

Akaweka kijiko chini. "Baba Njeri, mtoto wangu si kuku."

Wangari alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikamaliza ugali wangu.

Jumamosi nikaacha maneno. Nikachemsha chai ya rangi kwa majani yake yaleyale, nikaimimina kwenye gilasi mbele yake. Nikasaga kidonge kimoja, nikatia, nikakoroga.

Chai ikageuka nyeusi kama wino.

Mama mkwe akaichukua ile gilasi, akaipeleka dirishani, akaitazama muda mrefu.

"Na hii ndiyo nimekuwa nikimwekea ndani?"

Nikaanza kueleza kwamba tumbo lina asidi yake, kwa hivyo huko ndani si hivi kabisa. Akainua mkono.

"Wacha. Nimeona."

"Mama, kwani sasa mimi ni kuku?" Wangari akauliza kutoka kwa kiti.

"Nyamaza. Chai utakunywa saa kumi."

Tulimuuliza nesi, akakubali mpango: kidonge na maji ya ndimu, na chakula kidogo tumbo likikataa, chai ikae mbali. Mama mkwe akageuka askari. Thermos ikahamia chumbani kwake. Majirani waliokuja kusalimia walipewa uji. Mimi nilipigwa marufuku pia, eti siwezi kunywa mbele ya mtu ambaye hawezi. Nikawa nakunywa dukani, katikati ya magunia, na nikirudi ananiangalia tu. "Umetoka kunywa."

Baada ya wiki kadhaa damu ikapanda. Siwezi kuapa ni kutenga chai peke yake, maana mama mkwe alikuwa pia anampikia maini. Nesi akasoma kipimo na kusema, "Hii naweza kufanya nayo kazi."

Mtoto akazaliwa hapahapa Kitengela, mikononi mwa nesi huyohuyo. Msichana, kelele nyingi.

Asubuhi yake mama mkwe akafika wodini na thermos. Wangari akanyoosha mkono. Mama akafunika kifuniko kwa kiganja.

"Umemeza dawa saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama."

"Basi ngoja."

Akajaza kikombe mpaka juu, akanipa mimi. "Kunywa, mtu wa kuku."

Wakuu, funzo nililopata: ukiongezewa madini na hayaonekani mwilini, kabla hujaongeza mengine, angalia unayameza na nini. Na vidonge vya chuma usijinunulie tu, pimwa kwanza, kwa sababu kikizidi kinadhuru.

Sasa niambieni, kwenu dawa inateremshwa na nini? Na kuna yeyote aliyewahi kumshinda mama mkwe bila kutumia gilasi?