Hawe na Neno la Mlangoni

Nyevu hajasomea lugha hata moja, lakini ukimfungia chumbani na Mchina kwa mwezi mmoja, akitoka humo atakuwa anamsengenya Mchina huyo kwa Kichina safi. Hivyo ndivyo wenzake wa saluni pale Malindi wanavyomtania, na yeye hakatai. Anasuka nywele za akina mama wa Kiitaliano, na Kiitaliano chao alikiokota hapo hapo, vichwani mwao.

Siku zake za mwanzo, kila akivuta nywele kidogo, mteja alikuwa anashika kichwa na kusema "piano, piano." Nyevu akawaza, huyu naye, katikati ya kusukwa anataka kinanda? Akaendelea kuvuta, mama akapiga ukelele. Kesho yake mteja mwingine akasema vile vile. Nyevu akalegeza mkono, yule mama akashusha pumzi na kutabasamu. Wa tatu alimwambia hivyo mtoto wake aliyekuwa anakimbia sakafuni. Hapo Nyevu akalifunga hilo neno kibindoni: pole pole. Akajifunza na jambo lingine, kwamba neno ukilisikia mara moja litakudanganya mchana kweupe. Lifuate kwanza, ulione linaambiwa nani, na nani anafanya nini likishatoka.

"Wee msichana," bosi wake Widad humwambia, "masikio yako yana mikono. Yanaiba."

Sasa, mtu wa namna hiyo ungedhani hawezi kukosea. Ngoja.

Simu ilitoka kijijini kwao Adu, kwa baba yake mdogo, Mangi. Hawe (ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi) ameanguka shambani, amepooza upande wa kushoto. Nyevu alilelewa na Hawe mpaka akamaliza shule ya msingi, kwa hiyo hakuuliza aende au asiende. Alifunga mkoba, akamwachia Widad wateja wake, akaenda kumuuguza bibi yake.

Hospitali ilikuwa imemrudisha Hawe na nusu ya mwili. Hilo walilitarajia. Ambalo hawakulitarajia ni kwamba Hawe alirudi na lugha nyingine.

Maisha yake yote ndani ya boma lile Hawe alisema Kigiriama. Alikemea kwa Kigiriama, akatukana kwa Kigiriama (na alikuwa fundi wa matusi, msimwone vile), akabembeleza wajukuu kwa Kigiriama. Kigiriama hicho kilifutika chote. Alichobaki nacho ni maneno ya kooni, laini, ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuyasikia.

Kwamba Hawe ni Mwaata wa kuzaliwa ilikuwa inajulikana, ila haisemwi. Babu alimwoa huko bara, karibu na nyika ya Tsavo, kwa watu wa upinde na asali. Alipoletwa Adu wanawake wenzake walimcheka, wakamwita mtu wa porini, ati hajui hata kupalilia. Basi akaikunja lugha yake kama leso nzuri, akaiweka chini ya godoro, na wanawe wakakua bila kujua kama ipo. Ndugu zake walikuwa wamekufa wote, na Babu pia. Hapakuwa na wa kuuliza.

Nyevu akaanza kazi yake ya kuiba. "Bisani" alilipata siku ile ile: Hawe alilitamka akilamba midomo iliyokauka, akaangalia kikombe. Akapewa maji, akanyamaza. Baadaye akalisema mvua ilipogonga bati. Limekwisha hilo.

Lakini lilikuwako neno jingine. Kila alasiri, jua likianza kupenya kwenye mlango wa nyuma, Hawe alikuwa anageuka kitandani, ananyoosha ule mkono wake mzima kuelekea mlangoni, macho yakijaa machozi, na kusema: "Kotu." Ananyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Halafu tena. "Kotu. Kotu."

Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Sauti ile ilimpandisha Nyevu nywele za shingoni. Na Nyevu, kama sisi wengine, akiogopa huwa anafanya mzaha. Alichukua simu, akasimama uani nyuma ya dirisha, akamrekodi Hawe mgongoni na mkono wake ule umenyooka, akaitia ile video kwenye kikundi cha vijana wa Adu. Chini akaandika: "Hawe anamtaja nani jamani?" Akamalizia na vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi.

Majibu yakamiminika.

"Hiyo ni password ya wifi."

"Hawe anasema Kikorea cha Marafa, mwacheni bibi wa watu."

"Nyevu mkalimani wa Wazungu, leo umekwama kwa Hawe wako?"

Kisha mmoja, sijui alikuwa anatania au la, akaandika: "Huo mkono si unaelekea kwa Mwambire?"

Hapo mzaha ukaisha, ingawa Nyevu hakujua bado.

Mzee Mwambire ndiye jirani wa upande ule wa mlango wa nyuma. Anakaa peke yake, kichwa cheupe pe, macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amekaanga korosho kwenye karai tangu ujanani, na moshi wa maganda ya korosho hauna adabu. Lakini kwetu huku mzee akiwa na mvi na macho mekundu, na akae peke yake, tayari watu wameshaanza kuhesabu misiba ya kijiji na kumbandika yeye. Na jioni moja kabla Hawe hajaanguka, Mwambire alikuwa amemletea kifuko cha korosho.

Nyevu alimkuta baba yake mdogo jikoni anatazama ile video kwenye simu ya mkewe, Nelly. Anaitazama, anairudia.

"Wewe mwenyewe umeandika hapa," Mangi akasema bila kuinua uso. "Umeandika anamtaja mtu."

"Baba, nilikuwa nacheza tu."

"Anamtaja mtu, analia, na mkono anaunyoosha kwa Mwambire. Neno gani linasemwa hivyo? Hebu niambie wewe unayejua lugha za watu. Hilo ni neno lao la mchawi."

Nyevu akaona kwamba baba yake mdogo alikuwa amefanya kile kile anachofanya yeye. Ameliangalia neno, ameangalia mkono, ameangalia machozi, akajumlisha. Na hesabu yake ilikaa vizuri, hiyo ndiyo iliyotisha. Ilikaa vizuri kama kinanda kichwani mwa Mwitaliano.

Nelly alimvuta pembeni. "Nyevu, sikiliza. Wanaume wameambiana wakutane hapa Jumamosi, baada ya chakula. Vijana wa kina Kiponda nao wamo. Si mkutano wa harusi, mwanangu."

"Mzee mwenyewe anajua?"

"Mwambire? Anakaanga korosho zake."

Nyevu hakulala vizuri siku hizo. Akifumba macho anaona vile vikatuni vyake vitatu, vinacheka, na nyuma yao mzee wa watu ameinama kwenye karai hajui kitu. Kufuta video aliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye simu ambazo hata hazijui. Kumwambia Mangi "nadhani umekosea" kungesaidia nini? Dhana yake mwenyewe ndiyo iliyowasha moto. Hakutaka dhana nyingine. Alitaka kulijua.

Akaanza kulifuata lile neno kuanzia chini. Aliacha kusimama dirishani nyuma ya Hawe, akakaa mbele yake, kwenye mkeka karibu na mlango, uso kwa uso. Na kitu cha kwanza alichokiona kilimfanya ajipige kofi pajani. Vidole! Kwenye video unaona mgongo na mkono ulionyooka, unafikiri Hawe anasonta. Kumbe kiganja kimetazama chini, na vidole vinajikunja polepole kuelekea kwake, vinakunjuka, vinajikunja. Nani anamsonta mchawi hivyo?

Asubuhi kuku aliingia ndani. Hawe akachukua chembe za sima sahanini, akazisugua vidoleni. "Kotu," akamwambia kuku, kwa sauti ndogo. Kuku, ambaye hajui lugha yoyote, akaja.

Nelly akamleta mtoto wake Lewis, anayejifunza kutambaa. Alipomweka mkekani, Hawe akafungua mkono wake mzima, uso mzima ukacheka, hata ule upande uliokufa ukajaribu. "Kotu, kotu!"

Na Nyevu akagundua la mwisho, ambalo ni la kimya: Hawe akishikwa mkono, halisemi. Ukiwa karibu naye hulisikii. Linatoka ukiwa mbali tu.

Alimweleza Nelly yote. Nelly akafikiri, akatingisha kichwa. "Mimi nakuamini. Lakini wale wanaume watakwambia kuku naye ni mchawi."

"Najua," Nyevu akasema. "Ndiyo maana sitawaeleza."

Jumamosi walikuja. Walikaa uani kwenye viti vya plastiki, Mangi katikati, na vijana wamesimama na mapanga ambayo siku hiyo hayakuwa na shamba la kufyeka. Waliongea kidogo mno. Hicho ndicho Nyevu alichokiogopa, jinsi walivyokuwa wapole.

Alitoka na Nelly, wamembeba Hawe katikati yao. Wakamkalisha kwenye mkeka, mbele za watu wote.

"Mnamtoa mgonjwa juani kwa nini?" Mangi akauliza.

Nyevu alitembea mpaka mwisho wa ua, akageuka, akachuchumaa. Akawaza: nikikosea leo, sitakosea tena, maana sitafungua mdomo tena maishani. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akakunja vidole.

"Kotu," akasema.

Hawe aliinua kichwa kwa ghafla. Alimtazama Nyevu kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto baada ya kusubiri kivuko umri wake wote. Midomo ikamcheza. Kisha mama yule, ambaye tangu atoke hospitali hajashuka kitandani mwenyewe, akaweka kiganja chake kizima chini, akajisukuma. Mguu mzima ukasukuma, ule mwingine ukaburutika nyuma ukichora mchanga. Akaja. Anahema, leso inamvuka, anakuja. Kijana mmoja alitaka kumshika, Nelly akamzuia kwa mkono.

Hawe alifika, akamwekea Nyevu kichwa begani.

"Nimemwita," Nyevu akasema. "Nimemwambia njoo, naye amekuja. Ni hilo tu, baba. Kama hamniamini, mwite na wewe."

Mangi alikuwa amesimama. Mwanamume mzima, mwenye watoto, hajawahi hata siku moja kumwambia mama yake neno moja la kwao. Alilamba midomo. Alilisema kwa shida, likatoka limepinda: "Kotu."

Hawe akageuza uso. Akamwona mwanawe. Akaliachia bega la Nyevu, akaanza tena kujiburuta, safari hii kumwelekea yeye, na Mangi hakumngojea afike. Alianguka mchangani akamkumbatia, akalia kilio cha kitoto, na wale vijana wakawa hawajui mapanga yao wayaweke wapi. Mmoja aliliegemeza lake ukutani kama ufagio. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Ungesema hapo mambo yamekwisha. Jioni ile, wameshamrudisha Hawe kitandani, Mangi alikaa mlangoni muda mrefu amejishika kidevu.

"Nyevu."

"Naam, baba."

"Kama ni njoo..." Akautazama mlango wa nyuma, kisha akatazama pembeni. "Kila alasiri anamwambia nani?"

Nyevu ndiye mjuzi wa maneno. Neno alikuwa amelipata. Hilo swali hakuligusa.

Siku chache baadaye, jua lilipopenya mlangoni, Hawe hakunyoosha mkono. Hakulisema. Alitazama mlango, uso umetulia, machozi hakuna. Kisha akajivuta taratibu mpaka ukutani, akaacha nafasi kitandani, nafasi ya kutosha mtu mmoja, akalipigapiga shuka kulinyoosha. Tangu hapo akawa analala vile vile, amebanana na ukuta. Wakimrudisha katikati, anajivuta tena. Nelly akaacha kufagia chumba kile peke yake. Mangi akaingia na kutoka akipitia mlango wa mbele tu.

Mzee Mwambire alikuja kumwona mgonjwa siku hizo hizo. Mangi mwenyewe ndiye aliyemfuata nyumbani kwake, na walichoambiana huko walikiacha huko. Mzee aliingia kajikunja, ananuka moshi wa korosho.

"Shikamoo, babu," Nyevu akasema.

"Marahaba. Nasikia nusura unifanye maarufu mtandaoni, wewe."

Nyevu akainamisha macho. "Nisamehe, babu."

"Siku nyingine ukinipiga picha niambie, nipake mafuta kichwa." Akacheka kikohozi, akamwendea Hawe, akageuka ili akae ukingoni mwa kitanda, pale penye nafasi.

"Babu," Nyevu akasema haraka, akimshika mkono wa shati. "Si hapo."

Mzee alitazama ile nafasi. Shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri. Akamtazama Hawe, aliyebanana na ukuta, anatabasamu na nusu ya mdomo. Alivuta kigoda, akakaa mbali kidogo, akamsalimia Hawe.

Kisha akavua kofia, akaielekea ile nafasi tupu, akasalimia tena.