Nilivyotumwa Masumbwe Kufundisha Vituo

Nilitumwa Masumbwe, miaka ya sabini, kwa sababu ya kelele. Mwalimu mkuu wa shule moja ya huko alikuwa amelalamika kwamba Mwalimu Kabula, aliyefundisha Kiingereza darasa la tano, anawaacha watoto wazurure darasani wakiongea. Mimi nilikuwa nimetoka kozi ya wiki mbili na neno jipya: vituo. Watoto hugawanywa makundi, kila kundi na kona yake na kazi yake ya Kiingereza, kisha wanabadilishana. Afisa elimu pale Shinyanga aliniagiza nikamfundishe mwenzangu njia hiyo ya kisasa. Akishindwa, angenyang'anywa Kiingereza na kupelekwa darasa la kwanza.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la Kahama na boksi la kadi nilizoziandika kwa wino wa rangi tatu. Jirani yangu kitini, mchimbaji wa dhahabu, aliuliza nimebeba nini. Nikamweleza vituo kwa kirefu. Akasema hata machimboni ni hivyo hivyo: huyu anachimba, huyu anaponda, huyu anaosha, na wote wanaongea. Nilimhurumia kwa kutoelewa.

Kutoka Kahama nilidandia lori lililokuwa likipeleka chumvi dukani kwa Bwana Karim wa Masumbwe. Mvua ikatukuta njiani. Dereva aliifunika chumvi kwa turubai. Boksi langu halikuwa chumvi. Tulipofika, kadi zilikuwa zimegandamana na rangi zote tatu zimekuwa moja.

Mwalimu Kabula alikuwa mama mtu mzima, majirani wakimwita Mama Masanja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniandalia ugali na mlenda. Tukiwa tunakula aliniuliza, "Umekuja kunitoa darasani, mwanangu?"

Nikasema nimekuja kumsaidia. Alilitazama boksi lililolowa, akaniongezea mlenda.

Jumanne saa mbili niliingia darasani kwake nikasimama mlangoni nisiamini. Kona moja ilikuwa duka, na bidhaa zake ni makopo matupu aliyoyaomba kwa Bwana Karim. Dirishani kundi lingine lilielekezana njia ya kisimani kwenye ramani iliyochorwa sakafuni kwa mkaa. Nyuma, wengine walikuwa wagonjwa na madaktari. Mama Masanja akigonga ubao, makundi yanabadilishana. Yote kwa Kiingereza, kibovu na kingi. Nilikwenda dukani kununua sabuni. Binti aliyeitwa Nyamizi alikataa kuniuzia mpaka niseme sentensi kamili. Niliposema, alinisahihisha, na alikuwa sahihi.

Saa ya mapumziko nilimuuliza Mama Masanja alisomea wapi.

"Nina kitabu kimoja na watoto hamsini," alisema. "Wangekisomaje kwa pamoja? Halafu wazazi wao wanafuata dhahabu. Huyu Msukuma, huyu Msumbwa, yule Muha. Kwa Kiswahili walikuwa wakichekana matamshi, wengine wakanyamaza kabisa. Kiingereza hakuna anayekijua, basi hakuna wa kumcheka mwenzake."

Nikauliza njia hiyo anaiitaje. Akasema hajawahi kuipa jina, ila mwalimu mkuu anaiita fujo.

Ijumaa nilirudi Shinyanga, nikaandika ripoti ya kweli: sikumfundisha kitu, yeye ndiye aliyenifundisha, aachwe na darasa lake. Wiki chache baadaye akaachwa nalo, na moyo wangu ukatulia. Lakini waraka uliosambazwa mashuleni ulinisifu mimi kwa kuingiza vituo Masumbwe kwa siku tatu tu. Nikaandika kusahihisha. Nikajibiwa kwamba unyenyekevu ni sifa ya mkufunzi bora.

Huko nilijifunza kwamba jambo laweza kuwa kosa kwa miaka, na likipata jina kutoka ofisini likawa mbinu, bila kona hata moja ya darasa kubadilika.

Nilimwandikia Mama Masanja kumwomba radhi. Alijibu kwamba hana kinyongo, na kwamba mwalimu mkuu wake ameagizwa kuja Shinyanga kwenye kozi ya vituo, nami ndiye mkufunzi. "Usiwe mkali kwake," aliandika. "Mwache naye aongee."