Mbuzi Niliyopeleka Beni

Shamba yangu iko Mbau, upande wa pori. Kusema ukweli haiko yangu, ni ya shefu wa udongo, na kila mwaka mutu anamupelekea mbuzi, ile tunaita muhako, ajue ungali unamutambua. Baba alifanya vile, baba yake pia.

Wakati ya Babelgi, uhuru ikiwa karibu, baba alikwendaka Beni kusikiliza baraza ya bazungu na bashefu. Balisema sasa mutajitawala. Baba akauliza mbuzi itakuwa inaenda kwa nani. Balicheka. Alirudi na ile swali, na kofia mupya. Nani alimupa kofia, mupaka leo sijui.

Bon. Miaka ikapita, vita ikakuja, benye bunduki bakakamata Beni, na bo pia bakaita baraza: Kinshasa iko mbali, tutajitawala sisi benyewe, kila kijiji itume mutu. Bakanituma mimi, juu nilikuwa muzee wa kanisa na nilikuwa na viatu.

Njo pale nilikosa. Niliwaza: kama hawa njo serikali, udongo sasa ni yabo. Nikakokota mbuzi ya muhako mupaka Beni. Mama ya batoto aliniambia ningoje kwanza. Sikungoja.

Ndani ya salle, ile nyumba ya mukutano, tulinyanyua mikono, mara ya kukubali, mara ya kukatala. Mimi nilinyanyua mara zote mbili, juu balisema Kifaransa na iliniacha. Mukubwa wa baraza akanishukuru sana kwa mbuzi. Basoda, bale benye bunduki, bakaikula.

Shefu alisikia mbele nifike nyumbani. Hakukasirika.

"Muzee, mwaka hii mbuzi umepeleka wapi?"

"Kwa serikali, mwami."

"Basi, enda ulime kwa serikali."

Kapita wake, musimamizi wa mashamba, akacheka, akasema serikali iko na udongo muzuri, ndani ya sanduku ya masasi ya bunduki. Nikapiga magoti. Shefu akasema nivune maharagi, kisha nitoke.

Tulivuna. Mbele tutoke, vita ikafika Mbau, shefu na kapita bakakimbilia Butembo. Hakukuwa mutu wa kunifukuza, lakini hata wa kuniruhusu kupanda hakukuwa. Nikarudi Beni kuuliza. Ndani ya salle nilikuta batu wengine, habakunijua.

Mvua ilishaanza. Mama ya batoto akakamata jembe, akapanda bila kuniuliza. Mimi nikamufuata nyuma, nafunika mbegu kwa muguu, na kila mutu aliyepita barabarani nilimusalimia kama shefu.