Mama Obed, Mng'oa Ndago wa Kinyala

Mara ya kwanza Mama Obed kuingia uani kwetu Tukuyu, alikuja kuuza ndizi akaishia kumcheka mama yangu.

Ilikuwa Januari, na mvua ilikuwa imetupa nafasi ya saa moja hivi. Mama, Bi Mwantum, alikuwa bustanini na jembe jipya, kajifunga kanga mbili kiunoni, anaikatakata ardhi kwa hasira. Mama si mkulima. Babu yake alipanda kuja Tukuyu kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, na tangu hapo watu wa ukoo wetu wameshika mkasi na futi ya kupimia. Lakini kile kiwanja cha ukoka mbele ya nyumba alikipanda marehemu baba, fundi Sadick, kishina kwa kishina, kwa vidole vilivyozoea cherehani. Siku asizofungua duka alikuwa akikaa pale na redio yake, viatu amevua. Baada ya yeye kufariki, mama hakuruhusu hata mtu aanike nguo juu ya nyasi zile.

Mwaka uliotangulia tulileta lori la udongo kujaza pembe moja iliyokuwa ikituamisha maji. Udongo ule ulikuja na ndago. Kwanza yalichomoza majani matatu manne, ya kijani cha kung'aa kuliko ukoka, tukayaona mazuri. Kufikia mwisho wa mwaka, ndago zilikuwa zimeshika nusu ya kiwanja. Mama akamwaga chumvi; ukoka ukafa, ndago zikanawiri. Akanunua dawa dukani, majani yakakauka, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki tatu zikarudi, safari hii na jamaa zao. Ndipo akanunua jembe.

"Mwagonile," sauti ikasalimu kutoka getini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, mkungu wa ndizi kichwani na gambuti miguuni.

"Leo hatununui, mama," mama akajibu bila kuinua uso.

Yule mwanamke hakuondoka. Akatua mkungu, akashika kiuno, akalitazama jembe linavyopanda na kushuka. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na ubaya na yeyote.

"Samahani, mama. Unafanya nini?"

"Huoni? Nang'oa magugu."

"Hung'oi. Unapanda."

Mama akasimama wima. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele, nikadhani sasa ndizi zitarushwa barabarani. Lakini yule mwanamke alishapita getini, akapiga magoti kwenye tope bila kungoja ruhusa, na kutoka kwenye mkoba wake akachomoa kipande cha springi ya gari kilichonolewa kikawa chembamba kama ulimi, kimetiwa mpini wa mti. Akakizamisha pembeni mwa shina moja la ndago, taratibu, akainua udongo, akaanza kuupukusa kwa vidole. Ukatoka uzi mweusi. Mwisho wa uzi palikuwa na kinundu kama punje ya njugu, na kutoka kwenye kinundu uzi mwingine, na mwisho wake kinundu kingine.

"Huyu mama," akasema. "Hawa watoto. Jembe lako limekata usi hapa, na hapa, na hapa. Kila mtoto sasa anajenga nyumba yake."

Uzi aliuita "usi", na mizizi "misisi", kwa ulimi wa Kinyakyusa. Mama akaweka jembe chini. Akachuchumaa, akaushika ule uzi kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyoshika uzi wa kushonea, akauvuta polepole mpaka kinundu cha tatu kikajitokeza.

"Unaitwa nani?" akauliza.

"Atupele. Wa kule Kinyala. Lakini niite Mama Obed."

Mkungu ule ulinunuliwa wote.

Tangu siku hiyo Mama Obed akawa anakuja kila baada ya wiki mbili, Jumanne. Walipatana ujira, ingawa chakula cha mchana kilikuwa juu ya mapatano yoyote, maana mama hawezi kumwona mtu anakaa na njaa uani kwake. Mama Obed alikuwa amepalilia maisha yake yote. Alianza binti mdogo, mashamba ya chai, akifuata mama yake mstari kwa mstari. Akaolewa, akapalilia mahindi na migomba ya mumewe; mume akafariki, akapalilia peke yake, na siku za kati akapalilia mashamba ya watu ili Obed asome. Obed sasa ni dereva wa lori, anashinda njiani kwenda Tunduma. Mikono ya Mama Obed ilikuwa na nyufa nyeusi ambazo sabuni haikuzifikia, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya fundi yeyote niliyewahi kumwona dukani kwetu.

Alitufundisha mambo ambayo sikujua yanafundishwa. Kwamba ndago inajulikana kwa shina: lizungushe kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Kwamba chakula inakipika kwa majani na kukificha kwenye vinundu, kwa hiyo ukiikuta imechungulia tu, ing'oe hapo hapo, na ikichungulia tena, ing'oe tena. "Inakula akiba yake," alisema. "Siku moja itakuta ghala tupu." Kwamba haipendi kivuli, na ukoka mnene ndio mlinzi wa ukoka. Kila shimo alilochimba alilijaza siku ileile kwa vishina vya ukoka kutoka nyuma ya jiko, akakanyagia kwa kisigino.

"Itachukua muda gani?" mama aliuliza.

"Miaka miwili. Labda mitatu."

"Mama Obed! Nahla anaolewa Septemba, hapa hapa kwenye nyasi za baba yake!" mama akasema, akininyooshea kidole mimi.

"Basi Septemba itakuwa nzuri. Sijasema itakuwa imekwisha."

Kulikuwa na njia ya haraka zaidi, na aliitaja mara moja tu. Alikuwa amekaa na bakuli la vinundu alivyookota, akasema, "Kwetu Kinyala tungewafungulia tu wale... wangefukua wenyewe siku mbili, wasibakize hata..." Akamtazama mama na mtandio wake, akaliacha neno hapo.

"Wale nani?" mama akauliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Wale."

"Ah. Wale wabaki huko huko."

Walicheka mpaka mama akafuta machozi. Baada ya hapo kila jioni ya kazi Mama Obed aliondoka na ndoo ya vinundu, na mama akawa anamsindikiza getini na maneno, "Wasalimie wale." Naye Mama Obed alipoaga kwa "Ndaga fijo", yaani asante sana, mama alimjibu, "Ndago bado zipo, usiwe na haraka." Utani huo haukuwahi kuwachosha. Mimi ulinichosha kufikia mwezi Machi.

Nilianza kugundua kwamba mama hakai tena barazani. Jumanne alikuwa chini, magoti juu ya gunia, na kisu kikuukuu cha jikoni, akichimba upande wake. Tangu baba afariki alikuwa amekuwa mtu wa kukaa kimya, na sisi watoto tulikuwa tumezoea kumzungumzia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Sasa nilimsikia akimsimulia Mama Obed jinsi baba alivyoshona suti ya mchungaji mmoja akasahau mfuko, akaona aibu, akaitia mifuko minne. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia hadithi ile. Adhana ya alasiri ikisikika, Mama Obed ndiye aliyemgusa bega: "Mama Nahla, unaitwa."

Mwisho wa Agosti akaja ami Twalib, mdogo wake baba, kutoka Mbeya. Ami ni mtu wa kumaliza mambo. Aliikuta ndago huku na huku, akaikuta na ukoka mpya ukiwa bado mwembamba, akaondoka bila kunywa chai. Kesho yake alirudi na bomba la dawa mgongoni.

Ilikuwa Jumanne. Mama Obed aliinua kichwa.

"Shikamoo," ami alisema, maana adabu anayo. "Naomba utupishe kidogo. Hii inaua mpaka mizizi. Siku kumi mambo yamekwisha."

"Marahaba. Inaua na ukoka?"

"Inaua chochote cha kijani."

Mama Obed alijitazama. Alikuwa amevaa sweta la kijani, lile lake la kila siku, limetoboka kiwiko. Akajisogeza mpaka katikati ya kiwanja, akakaa kitako, akanyoosha miguu.

"Basi anza na mimi."

Ami alinigeukia mimi, mimi nikageukia ukuta ili asione nacheka. Akamwambia kwamba hana nia mbaya, kwamba harusi ni wiki tatu zijazo, kwamba wageni wanatoka mpaka Dar. Mama Obed alimsikiliza vizuri, akitikisa kichwa kwa heshima, na hakusogea hata shubiri moja.

"Baba," akamwambia mwishoni, "mimi nimeshika shamba hili tangu Januari. Kila shimo unaloliona nililichimba nikalifunga. Ukipulizia leo, siku ya harusi wageni watakaa juu ya majani makavu. Na mvua za kwanza zikinyesha, vile vinundu vilivyolala chini vitaamka vikute uwanja wote ni wao, hakuna wa kuvizuia. Wewe utakuwa Mbeya. Mama Nahla atakuwa hapa."

Mama alikuwa ametoka jikoni na unga mikononi.

"Twalib," akasema, "tua hilo bomba. Kaka yako alizipanda nyasi hizi kwa mkono. Zitasafishwa kwa mkono. Njoo ule chapati."

Ami alitua bomba. Alikula chapati nne, na kabla ya kuondoka nilimwona amechuchumaa, Mama Obed anamwonyesha shina lenye pembe tatu.

Harusi yangu ilikuwa Jumamosi isiyo na mvua. Kwenye sehemu ambazo ukoka ulikuwa bado haba tulitandika mikeka, na hakuna mgeni aliyejua. Mama Obed alikuja na gauni la kitenge la kwaya ya kanisani kwake, na mkoba mweusi. Katikati ya nasaha za wazee nilimwona akiinama polepole kati ya viti, kama mtu aliyeangusha kitu. Akachomoa ndago moja, akaifuta udongo kwa kidole, akaitia mkobani, akaendelea kusikiliza.

Desemba alipiga simu. Nilikuwa nyumbani kumtembelea mama, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Nahla, Jumanne siji. Nimeteleza na ndizi kwenye mteremko. Mguu umevunjika. Wamenifunga muhogo wa plasta hapa hospitali ya Igogwe, kesho narudi nyumbani."

"Pole! Pole sana! Na mahindi yako?"

"Yamefika magotini. Magugu nayo yamefika magotini."

Mama aliaga, akakata simu. Siku ya pili alinunua gambuti, akafunga mswala na nguo kwenye begi, akapanda bodaboda kwenda Kinyala. Alikuwa na miaka sitini na moja. Nilimfuata siku iliyofuata, kwa wasiwasi.

Nilimkuta Mama Obed amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu mweupe umelazwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anaongoza shamba kama kocha. Mama alikuwa ndani ya mahindi, kanga kichwani, tope mpaka kwenye nyusi. Majirani wawili waliokuja kumtazama Mwislamu wa mjini anayepalilia walikuwa wamechoka kutazama, wakaingia kusaidia.

"Hilo hapana, gwe!" Mama Obed akapiga kelele. "Hilo halage!"

Mama akalitazama shina la harage mkononi. "Lilikuwa na sura ya gugu," akasema, akalirudisha ardhini, akalishindilia kwa mikono miwili kwa upole mwingi. Halikupona, nadhani.

Jioni nilipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji, nililiona banda la wale. Lilikuwa tupu, limefagiliwa, mlango umefungwa kwa kamba. Nikamuuliza Mama Obed kama amewauza.

"Nimewapeleka kwa jirani mpaka mama yako amalize," alisema. "Anaswali hapa ndani. Ningewaachaje wanapiga kelele dirishani?"

Alikuwa amelipanga hilo kutoka kitandani hospitalini, kwa simu, kabla mama hajasema kwamba anakuja. Nilimuuliza alijuaje. Alinitazama kama nimeuliza ndizi inaotaje.

Mama alikaa Kinyala siku sita. Walikula ndizi kwa maharage, wakagombana juu ya chumvi, shamba likaisha. Mahindi yalivunwa vizuri. Mguu wa Mama Obed ulipona kufikia Machi; anachechemea kidogo akishuka mteremko, na ndizi sasa anazileta kwa bodaboda.

Ndago hazijaisha. Mwaka huu ni wa tatu, na mwezi uliopita niliona tatu karibu na bomba la maji. Lakini kiwanja kinapendeza, na wale wawili wana utaratibu wao: Jumanne moja Tukuyu, Jumanne moja Kinyala. Juzi nilimpigia mama kumuuliza kama atakuja kwangu Mbeya kumwona mjukuu. Alisema atakuja, inshallah, lakini nisimweke kwenye simu sasa hivi, Mama Obed amekwisha kufika na jua limetoka.