Mafuta ya Nazi Kwenye Bunduki ya Baba

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha hunitia hasira mpaka leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka nywele za bibi zao na siku za kusukwa. Mimi nakumbuka chuma. Nakumbuka ua wa nyumba yetu ya Kaole, vumbi la mbao, na baba yangu amekaa mkekani, anaisugua bunduki kuukuu kama anayemwogesha bwana harusi. Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nami nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa seremala wa milango, na bunduki ile aliipata kwa bei ya kutupa kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Boma walimpa kibali bila maneno mengi, nadhani kwa sababu kila aliyeiona aliamini haitalia tena. Mtutu umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, kitako kimepasuka, na risasi zake ndogo, nyembamba, za kuulia ngedere, si nguruwe.

Ngedere ndio waliotufikisha huko. Shamba letu la mahindi lilikuwa nyuma ya kijiji, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mwaka ule walilishukia makundi kwa makundi. Ikabidi mtu akae kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, apige debe na makelele tangu alfajiri. Mama ana mtoto mchanga, baba ana milango ya watu; mtu huyo nikawa mimi. Nikatolewa chuoni nikiwa nimebakiza juzuu tatu tu nihitimu Kurani pamoja na wenzangu wanne, na Ijumaa ya sherehe yetu ilikwisha pangwa. Nililia siku mbili. Baba akaniahidi: “Bunduki ikilia shambani, unarudi chuoni. Ngedere akimwona mwenzake ameanguka, harudi.” Nikamwamini. Ningefanya nini?

Mtu mwingine angeanza na chuma. Baba alianza na mti. Alichonga kitako kipya cha mninga, akakilainisha kwa majani ya msasa mpaka kikateleza, kisha, Mungu amsamehe, akaanza kukitia nakshi. Mawaridi! Maua ya milango ya matajiri wa mjini akayachonga kwenye bunduki ya kufukuzia ngedere. Wiki tatu nzima. Mama alimwambia, “Baba Mwanahawa, ngedere wanakula mahindi, hawaangalii mawaridi.” Baba akajibu bila kuinua kichwa, “Haraka haraka haina baraka.” Alipofika kwenye chuma, nakiri, alifanya kazi. Alikwangua kutu kwa majivu na ndimu, akavuta kitambaa kwa kamba ndani ya mtutu mpaka kikatoka cheupe, kisha akaipaka bunduki nzima, ndani na nje, mafuta ya nazi aliyokamua mama, kama alivyopaka patasi zake maisha yake yote. Risasi zilipokwenda kushoto, alikigonga kidogo kidogo kile kinundu cha kulengea kilichoko mdomoni mwa mtutu. Alasiri moja akaweka kifuu juu ya kisiki, hatua thelathini, akakipiga mara tatu mfululizo. Majirani wakashangilia, nami nikacheza.

Alfajiri ya pili yake tukaenda shambani. Kipupwe kilikuwa kimeingia, baridi inauma vidole. Ngedere wakaja, baba akalenga, akafyatua. Tk! Kimya. Akabadilisha risasi. Tk! Ngedere mmoja akatutazama huku anatafuna hindi letu. Mchana, nyumbani, bunduki ikalia vizuri. Kesho yake alfajiri, kimya. Hivyo hivyo kwa wiki mbili! Baba akasema risasi zimeingia unyevu. Akasema kuna aliyeiruka bunduki akaitia nuksi. Akasema ni jicho la jirani, akaifukiza ubani. Wallahi, nimeona kwa macho yangu.

Asubuhi moja pale dunguni nilitaka kujipaka mafuta mikononi, ngozi ilikuwa imepasuka kwa baridi. Nikainamisha kichupa changu, hakikutoa kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa. Nikamwonyesha baba. “Baba, na yaliyo ndani ya bunduki si yameganda hivi hivi? Labda kile kisumari kinachogonga risasi kinakwama.”

“Mtoto wa kike, unajua nini wewe cha bunduki?”

“Lakini mchana, jua likiyayeyusha, baba, inalia...”

“Nyamaza! Mafuta ya nazi hayajamdhuru mtu tangu enzi za babu yangu.”

Nikarudia debe langu. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya mkuu asiyesikia la mdogo hatukutungiwa methali. Siku kumi zaidi nikapiga debe, na katika siku hizo ikapita ile Ijumaa. Wenzangu walivishwa nguo mpya, wakasomewa dua, wakala pilau. Mimi nilikuwa juu ya dungu, koo limekauka.

Jumanne yake nilimkuta baba nyuma ya nyumba ameifungua bunduki, anaiosha kwa mafuta ya taa, na kando yake kichupa cha mafuta ya cherehani alichoomba kwa fundi jirani. Hakuniangalia. Alfajiri ikalia, ngedere akaanguka, wenziwe wakakimbia na hawakurudi. Mahindi yaliyobaki hayakujaza vikapu viwili. Jioni barazani akawaambia wanaume, “Chuma cha Kizungu hakitaki mafuta ya nazi, yanaganda. Nimegundua mwenyewe.” Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe vya kahawa, nikaitua kwa kishindo. Akanitazama, kisha akageuza uso.

Nilihitimu mwaka uliofuata, peke yangu. Siku hizi wazee wenzangu hulalamika kwamba watoto wanajibu wakubwa, kwamba adabu ilikuwa zamani. Ilikuwapo, jamani, nami niliila nikashiba. Mjukuu wangu akiniambia, “Bibi, hapo sivyo,” hasira hunipanda hadi utosini, lakini hukaa kimya mpaka amalize maneno yake. Watu husema bibi huyu ana hekima. Hekima gani! Baba yangu aliishi miaka thelathini baada ya Ijumaa ile, na hakuniambia hata siku moja, “Mwanangu, ulisema kweli.”